Waya au Wi-Fi nyumbani?

Ndugu, umesema kompyuta ya kazi na runinga ziko chumba cha pili kutoka kwenye ruta, na mikutano ya video inakatika jioni. Hivyo viwili vivutie waya, simu ziache kwenye Wi-Fi. Wi-Fi ni hewa moja mnayogawana wote, hata na majirani, hasa kwenye njia ya redio ya 2.4 GHz. Njia ya 5 GHz ina kasi zaidi, lakini kuta za tofali za saruji zinaipunguza nguvu sana.

Nunua kebo ya mtandao ya daraja la Cat5e au Cat6, ya shaba tupu. Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na nyumba yako haifiki huko. Kagua sana nyaya za ndani: zote 8 ziunganishwe. Fundi akiunga 4 tu utakwama kwenye megabiti 100, yaani sehemu moja ya kumi ya kasi hiyo, kisha utamlaumu mtoa huduma bure. Zile za alumini iliyopakwa shaba ni za bei rahisi ila hukatika upesi zikikunjwa. Na kebo yako usiipitishe bomba moja na nyaya za umeme, tafadhali.

Mwenye nyumba akikataa kutoboa ukuta, weka ruta juu, katikati ya nyumba, mbali na maikrowevu.