Kumpandisha mbwa Glastonbury Tor wakati wa joto

SWALI: Naishi Bristol na mbwa wangu ana pua bapa. Mwezi wa Julai ningependa tupande Glastonbury Tor, kilima cha Somerset, Uingereza, hadi kwenye mnara ulio kileleni. Nijiandae vipi?

JIBU: Kilima kina mita 158 tu, lakini mteremko ni mkali na karibu hakuna kivuli. Mbwa wa pua bapa hujipoza kwa shida, kwani joto la mbwa hutoka zaidi kwa kuhema. Pandeni alfajiri; siku ya joto kali, ahirisha kabisa. Njia ni ya zege: weka mgongo wa kiganja chini kwa sekunde 5, na ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zitaungua. Beba lita 1 ya maji yake na bakuli, umnyweshe kidogo kidogo. Usitegemee kupata maji juu. Mnara huo, wa St Michael, ni kuta tupu zisizo na paa.

Kondoo na ng'ombe hulishwa hapo, basi mfunge kamba fupi. Ng'ombe wakiwafukuza, iachie kamba: wanamwandama mbwa, naye ana mbio kuliko wewe.

Akihema kwa kelele, akitoa mate mengi au akiyumba, simameni. Mmwagie maji mwili mzima, umpepee, ndipo umkimbize kwa daktari wa mifugo. Usimfunike taulo lililolowa, huzuia joto kutoka.

Mkirudi, kagua masikio na katikati ya vidole: kupe na mbegu kali za nyasi hujificha humo.