Mekapu kukatika kwenye joto la Dar
Dada, kinachoyeyusha fondesheni kabla ya saa sita mchana si bei yake, ni mafuta yaliyo chini yake. Vaselini au losheni nzito haikauki kwenye unyevu wa Januari. Fondesheni inaelea juu yake, na jasho likija inakatika, kuanzia pembeni mwa pua na juu ya mdomo.

Paka losheni nyepesi na sanskrini (krimu ya kukinga jua), subiri dakika 10, kisha bonyeza tishu usoni. Ikitoka na doa la mafuta, rudia. Fondesheni isiyong'aa, kiasi cha punje ya harage, inatosha uso mzima. Igonge kwa sponji yenye unyevu, usiisugue. Tabaka la pili weka penye madoa tu. Halafu poda, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: ibonyeze kwa pafu (kile kisponji laini cha poda) kwenye paji, pua na kidevu, usiipitishe juu juu kwa brashi. Kwa ngozi nyeusi chukua ya rangi ya ngozi au ya njano. Ile nyeupe inaacha uso wa majivu kwenye picha za flashi.

Mchana ukitokwa na jasho, tishu kwanza, poda baadaye. Poda juu ya jasho hushika mabonge, na hayo hayatoki bila kunawa.

Spreyi ya nywele usiiweke usoni kabisa, tafadhali, hata kama fundi wako anaitumia kushikilia mekapu. Spiriti yake inachoma macho na kukausha ngozi.