Ukitaka wachezaji wa raga wamtumie mtoto mgonjwa salamu

Tangu habari ienee kwamba wachezaji wa raga walimtumia mwanangu salamu akiwa wodini, wazazi wenzangu wananipigia wakiuliza nambari za simu za wachezaji. Nawaambia nambari si shida. Raga ya Kenya ni ndogo, na ukiuliza vizuri utampata anayemjua meneja wa timu. Shida ni yale atakayosema mchezaji baada ya kukubali, na hapo mzazi ana kazi ya kufanya kabla kamera haijawashwa.

Mwanangu alipatikana na saratani ya damu akiwa darasa la nne. Kabla ya hapo, mjomba wake alikuwa akimpeleka uwanja wa raga wa RFUEA pale barabara ya Ngong, Nairobi, karibu kila kulipokuwa na mechi, na alijua majina ya wachezaji wa Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya saba kila upande, kama watoto wengine wanavyojua majina ya wachezaji wa Arsenal. Video ya fainali ya Singapore ya mwaka 2016, tulipoilaza Fiji 30 kwa 7, aliitazama mpaka akawa anatangulia kusema maneno ya mtangazaji, na mwaka ule alikuwa bado kunyonya hajaacha.

Matibabu ya mwanzo yana dawa za steroidi. Uso wake ulivimba, akawa na njaa ya usiku kucha na hasira ambazo hakuwahi kuwa nazo. Chembe nyeupe za damu ziliposhuka, wageni walipigwa marufuku, maana hata mafua ya mtu mzima yangeweza kumrudisha mtoto kwenye hatari, na homa ikifika nyuzi 38 ni kukimbia kwa daktari usiku huo huo. Kwa hiyo wachezaji hawangeweza kuja hata kama wangetaka. Salamu za simu zilikuwa ndiyo njia iliyobaki, na leo naona zilifaa kuliko ziara. Mtoto anaamua mwenyewe atazame lini, na hakuna mtu anayemwona amevimba.

Mjomba aliandikia meneja wa klabu moja ya Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini. Zikaja video. Nyingi zilikuwa za namna moja: hujambo bingwa, pigana, usikate tamaa, tunakuombea. Alizitazama, akatabasamu kwa heshima, akarudisha simu.

Kisha ikaja ya winga mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, barafu imefungwa gotini kwa plastiki. Hakusema bingwa. Alimwita kwa jina tunalomwita nyumbani, akamwambia hivi: tuna skramu (ule msukumano wa kugombea mpira) mita tano kutoka mstari wa trai (wa kufungia), upande wa kushoto una nafasi kubwa lakini beki wao wa kule ana mbio, wewe ungepeleka mpira wapi? Basi. Hakutaja ugonjwa.

Mwanangu aliketi. Akaomba kalamu, akageuza karatasi ya majibu ya damu, akachora uwanja upande wa nyuma, misalaba na vishale, dripu ikiwa mkononi. Akamrekodia jibu: kulia, upande mwembamba, kwa sababu kila mtu anatarajia kushoto. Kesho yake winga akajibu kwamba amekosea, na akaeleza kwa nini. Wakabishana kwa sauti za WhatsApp wiki nzima.

Nilikaa nikiwaza ni kitu gani kilichomwinua mtoto hivyo, na nadhani nakijua. Tangu alazwe, hakuna mtu aliyekuwa amembishia. Mimi, baba yake, masista wa wodini, nyanya yake, sote tulikuwa tunamkubalia kila neno. Yule winga alimchukulia kama mtu anayejua raga, na mtu anayejua raga hubishiwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nauweka mbele ya mengine yote: mwombe mchezaji amuulize mtoto swali la kweli, ambalo mtoto anaweza kulijibu, na awe tayari kulisikiliza jibu.

Ili aweze kufanya hivyo, mpe habari. Usimwandikie tu kwamba kuna mtoto mgonjwa anayewapenda. Mwambie jina analoitwa nyumbani, nafasi anayopenda kucheza au kutazama, mechi anayoikumbuka, lugha anayoongea na wenzake. Na mwambie bila kuficha ni kiasi gani mtoto anajua kuhusu ugonjwa wake. Kuna watoto ambao wazazi wao bado hawajawatajia neno saratani, kwa sababu zao, na hawapaswi kulisikia mara ya kwanza kutoka kwa mtu aliyevaa jezi. Mwombe pia asizidishe dakika moja. Mtoto aliyetoka kwenye kemo, zile dawa kali za saratani, huchoka katikati ya sentensi, na bando la wodini ni la kuhesabu.

Neno pigana liondoeni. Najua ndilo linalokuja mdomoni kwanza, hasa kwa mchezaji, na linasemwa kwa upendo. Lakini kwenye wodi yetu alikuwepo kijana ambaye ugonjwa ulimrudia, na alimuuliza mamake kama ni kwa sababu hakupigana vya kutosha. Yule mama hakupata la kumjibu kwa muda. Kinachoua zile chembe mbaya ni dawa. Kazi ya mtoto ni kumeza, kutapika, kulala, kuamka. Asibebeshwe mzigo wa kushinda.

Na ahadi vilevile. Utakuja kuchezea Shujaa, nitakuletea jezi Jumamosi. Mtoto wa wodini hana kalenda nyingine, Jumamosi hiyo ataihesabu saa kwa saa. Mchezaji asiye na hakika asitaje siku.

Aseme nini basi? Aseme ya kwake. Mchezaji mmoja alimsimulia mwanangu jinsi ilivyokuwa mwaka 2023, Kenya iliposhindwa na Kanada kule London na kuteremka kutoka mfululizo wa dunia wa raga ya saba kila upande, na jinsi asivyotaka kuongea na mtu baadaye. Hakuharakisha kufika Madrid mwaka 2024, tuliporudi kwenye mfululizo huo. Alikaa kwanza pale penye uchungu. Mwingine, prop, yaani jitu la safu ya mbele lenye shingo nene, alikiri kwamba akiona sindano hufumba macho na kumshika daktari wa timu mkono. Hiyo ndiyo iliyotusaidia zaidi siku za sindano ya mgongoni. Mwanangu alifumba macho na kunishika mkono bila aibu, kwa sababu hata prop hufanya hivyo.

Wazazi, gawanyeni salamu. Mwezi wa kwanza kila mtu anakumbuka, simu inajaa. Lakini matibabu ya saratani hii huchukua miaka miwili na zaidi, na kipindi kirefu kuliko vyote ni kile cha vidonge vya kila siku nyumbani, mtoto amerudi shuleni bila nywele, miguu haina nguvu kwa sababu ya dawa, na dunia inadhani ameshapona. Zikija video kumi kwa pamoja, weka akiba nane. Mpe moja kabla ya sindano, moja siku ya kurudi shule. Na kama ana ndugu, mwambie mchezaji jina lao pia. Binti yangu alikuwa amehamishiwa kwa nyanya yake miezi hiyo, na siku alipopata salamu iliyomtaja alilala na simu.

Kuhusu pesa nina msimamo mkali. Usimwombe mchezaji salamu na mchango kwa pumzi moja, wala usiruhusu video ya mtoto izunguke na nambari ya paybill ya kuchangia chini yake. Gharama ni kubwa, nazijua, na harambee haina aibu yoyote. Ifanyike kando. Picha ya mtoto akiwa amevimba itabaki mtandaoni mpaka awe mtu mzima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi, lakini mimi nasema muulize na mtoto mwenyewe. Wangu alikataa, klabu ikaelewa, na salamu ziliendelea kuja.

Kuna siku mtoto hatataka kuona chochote. Simu ataigeuza ikiangalia ukuta. Mwache, na usimrekodi anapotazama ili umtumie mchezaji machozi yake kama shukrani. Andika tu kwamba imefika.

Kwa wachezaji wanaosoma hapa: najua wengi wenu mna kazi nyingine, mnatoka ofisini kwenda mazoezini. Sekunde arobaini ndani ya matatu zinatosha. Ila kabla ya kutuma ya pili, muulize mzazi kwanza mtoto anaendeleaje, maana mambo hubadilika kwa usiku mmoja. Na ikitokea habari ni mbaya, usipotee. Waandikie wazazi, hata mstari mmoja wenye jina la mtoto.

Maombi yapelekeni kwa meneja wa timu au katibu wa klabu, si kwenye Instagram ya mchezaji ambako yatapotea. Na muwahi kabla ya msimu wa raga ya saba kila upande. Wakishaanza kuzunguka kwenye mashindano, leo Prinsloo kule Nakuru, kesho Dala kule Kisumu, siku nyingine Driftwood kule Mombasa, hata meneja hapokei simu.