Shangazi, alishusha maiki na sauti ikaendelea

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, nashona nguo hapa Ngamiani, Tanga. Tangu usichana nampenda mwimbaji mmoja wa taarabu, nyimbo zake nimezihifadhi kwa ghibu. Mwezi uliopita nilipanda basi hadi Dar kumwona kwa mara ya kwanza. Mashabiki wake tulivaa sare, na za wote nilizishona mimi. Alipanda jukwaani saa saba usiku, akaimba nyimbo tano, zote pleibeki. Alishusha maiki anywe maji, na sauti ikaendelea. Nikamtunza hivyo hivyo, elfu thelathini. Njiani kurudi nililia. Nikilisema kwenye kundi letu la WhatsApp naitwa msaliti. Mume wangu anasema mtu mzima kumlilia mwimbaji ni utoto, na hajui kwamba kiingilio nilitoa mwenyewe. Nilimwambia nimelipiwa na shoga yangu. Je, nizifute nyimbo zake? Au kweli nimezidi?*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa safari.

Hujazidi. Naanza na hilo kwa sababu naona ndilo linalokuuma kuliko hiyo elfu thelathini. Mwenye kushinda kwenye cherehani anajua nyimbo zinavyoisogeza siku. Umepiga pindo ngapi sauti ya mama huyo mwimbaji ikiwa pembeni yako? Umelea watoto wawili nayo. Wanaume wazima nimewaona wakitoka uwanja wa Mkwakwani macho mekundu kwa kuwa Coastal Union imefungwa, na wapo wanaousimulia ubingwa wa 1988 kama wanavyosimulia harusi zao. Sijasikia mtu akiwaita watoto.

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale kwenye maji. Angekuwa mwerevu zaidi, asingekunywa, nawe ungerudi Tanga umefurahi. Kwa hiyo nataka tuelewane kilichokuumiza. Sauti iliyorekodiwa peke yake haina kosa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, wapo watu wa pwani waliompenda kwa santuri hizo bila kumtia machoni, na hawakudanganywa, maana santuri ilijulikana kuwa ni santuri. Nyimbo zilizo kwenye simu yako ni hivyo hivyo. Hata muziki kutoka kwenye flashi na mwimbaji akaimba juu yake kwa koo lake, mimi siulaumu sana. Kusafirisha bendi nzima na vyombo vyake ni gharama. Lakini maiki iliyozimwa ni jambo jingine. Ulilipa usikie koo la usiku ule, na koo la usiku ule hukulisikia.

Katika taarabu kosa hilo linazidi uzito kwa sababu ya tunzo. Mtu hainuki kitini na noti mkononi kwa ajili ya wimbo tu. Anainuka kwa sababu ubeti umemgusa wakati huo, mwimbaji anamwona anakuja, anaurudia ubeti, anauvuta, pengine anautupia kwa yule aliyekusudiwa. Mambo hayo hayarekodiki. Mji wetu unayajua zaidi ya miji mingi. Black Star Musical Club ilizaliwa hapa Tanga, ikaitia taarabu gitaa na besi na mwendo wa dansi. Baadaye ikaja Lucky Star. Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyetutoka mwaka 2016, aliimba katika vikundi hivyo. Wewe umekulia kwenye mji wa masikio hayo. Usishangae kwamba uliyagundua yale maji na wenzako wakaendelea kucheza.

Nikiwa msichana nilihudhuria harusi moja Makorora, mwimbaji kaja na mafua. Akatuambia mapema, "Jamani, leo sauti sina, nivumilieni." Akaimba kwa sauti iliyopasuka, kibwagizo tukamsaidia sisi. Sijaona tunzo nyingi kama za usiku ule. Mpaka leo nikiusikia wimbo ule kwenye redio, ninaosikia masikioni ni ule uliokwaruza.

Sasa wale wa kwenye kundi. Usibishane nao. Waambie mara moja tu, kwa adabu, uliloliona kwa macho yako, kisha nyamaza. Hawakuchukii, wanaogopa kwamba wakikubali, na wao watarudi nyumbani na uchungu kama wako. Ila usikubali kuongeza tusi juu ya yule mama, wala kueneza video ya kumdhalilisha. Kama ukurasa wake unapokea ujumbe, mwandikie: nilisafiri kutoka Tanga, nilitaka kukusikia, ukirudi kuimba mwenyewe nitakuja tena. Mwimbaji anastahili kuambiwa hivyo na anayempenda kweli.

Nyimbo usizifute. Ziweke kando kwanza mpaka siku mkono utakapozitafuta wenyewe. Zile ulizozipenda aliziimba kweli, siku aliyoziimba.

Limebaki la mumeo, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nakupenda. Fedha ya mshono ni jasho lako, na kuitumia kwa furaha yako hukumkosea mtu. Lakini ulimwambia umelipiwa na shoga, na hukulipiwa. Umelia ndani ya basi kwa sababu mtu unayempenda alikuonyesha jambo lisilo la kweli huku akikutazama usoni. Mumeo naye anakutazama usoni, mwanangu. Najua ulimficha kwa sababu ulijua atacheka, na kucheka kwake ni kosa lake, tena si dogo. Mke akirudi na machozi haulizwi umri wake. Hata hivyo, anza wewe. Mngoje ale, watoto walale, umwambie kiingilio ulilipa wewe, tunzo ulitoa wewe, na uliogopa kumwambia kwa sababu hukukitaka kicheko chake. Usiseme mengine. Atakasirika pengine siku mbili. Akitulia, msimulie na lile la maji, mwanzo mpaka mwisho, kama ulivyonisimulia mimi. Sidhani kama alishawahi kuisikia habari yenyewe. Amesikia tu kwamba umelia.

Kisha ukipata mwaliko wa harusi yenye taarabu ya vyombo hapa hapa Tanga, mwende wote wawili. Mkae karibu na jukwaa, mahali unapoweza kumsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Ukiguswa, inuka ukatunze, hata elfu mbili, yeye akikuona. Na ile sare usiigawe wala kuifumua. Ivae siku hiyo.