Ligawe kundi kabla halijajigawa

Ndugu unayeanza kufuga nyuki huku Masasi au Nachingwea, usikimbilie kugawa kundi kwa sababu tu nyuki wamening'inia mlangoni. Joto letu peke yake huwatoa nje wapunge upepo. Fungua mzinga, tazama masega ya majana, yaani yenye mayai na watoto wa nyuki. Ukiona vyumba vya malkia, vile vinavyoning'inia mithili ya ganda la karanga, na ndani mna mayai au mabuu, gawa. Usingoje vizibwe. Huzibwa kama siku ya 8 tangu yai litagwe, na kuanzia hapo jua likiwaka vizuri malkia mzee anaondoka na nusu ya nyuki au zaidi.

Majira yenyewe ni mikorosho inapochanua, mbochi, ule utamu wa maua, ukiwa mwingi. Lakini ndipo wakulima wanapopuliza dawa za mbu wa mikorosho, kwa hiyo mzinga mpya uweke mbali na mashamba hayo.

Fanya kazi jioni, bomba la moshi la kutulizia nyuki likiwaka sawasawa. Mtafute malkia, umhamishie mzinga mpya pamoja na masega matatu hivi ya majana na mengine ya asali na chavua. Sega jipya ni laini, lishike wima. Ukililaza linakatika na majana yanamwagika. Kisha kung'utia humo nyuki wachanga wa ziada, maana wale wanaokwenda machungani watarudi mzinga wa zamani. Hili wengi hulipuuza, na ndilo linaloacha kundi jipya dhaifu hadi likahama.

Nyuki wetu hukimbiakimbia kwenye sega, malkia haonekani kirahisi. Usipompata, hakikisha kila upande una mayai na mabuu wachanga. Upande usio na malkia utajilelea wake.

Kwenye mzinga wa zamani bakiza vyumba viwili vya malkia vilivyo vizuri, vingine vunja, la sivyo kundi la pili litatoka pia. Baada ya hapo uache wiki tatu bila kuufungua. Malkia hutoka kama siku ya 16 tangu yai, halafu lazima aruke akapandwe ndipo aanze kutaga. Mimi msimu huo sivuni mzinga uliogawanywa, hata ukiwa mzito.

Miguu ya stendi ipake grisi, siafu hawabishi hodi. Mlango wa kundi changa uuzibe ubaki upenyo wa nyuki wawili watatu, uupanue kadiri wanavyoongezeka.