Dawa ya zamani, kirusi kipya: nani kasema "haitadhuru"?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Tangu wakati wa korona baba yangu (miaka 67, anatumia dawa za mapigo ya moyo) ameweka akiba ya ivermektini (dawa ya vimelea) na hidroksiklorokwini (ndugu wa dawa ya malaria, klorokwini). Kila kukitangazwa mlipuko wa ugonjwa mpya wa virusi anataka nyumba nzima tumeze kama kinga. Hoja zake ni kwamba maabara ilionyesha zinaua virusi ndani ya saa 48, ni dawa za miaka mingi, na hata zisiposaidia hazitadhuru. Mjomba naye alizimeza akapona korona siku ya tano. Nashindwa kumjibu. Kwa nini dawa ambayo tayari ipo ijaribiwe upya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lisilongoja. Baba yako asiiguse hiyo hidroksiklorokwini mpaka daktari wake wa moyo aone orodha ya kila anachomeza. Dawa hii hurefusha muda ambao moyo unautumia kujiandaa kwa pigo linalofuata, na baadhi ya dawa za mapigo ya moyo hufanya vivyo hivyo. Zikikutana, moyo unaweza kupoteza mwendo wake na kusimama ghafla. Tena hukaa mwilini kwa wiki nyingi, kwa hiyo akiacha leo haina maana kwamba kesho imekwisha mwilini.

Sasa nije kwenye hilo neno "haitadhuru". Nimelisikia dirishani kwangu mara nyingi kuliko jingine lolote kuhusu virusi, na wanaolisema ni watu wenye akili zao, wanaowapenda wazazi na watoto wao. Linaniumiza kwa sababu limevishwa vazi la busara na ndani yake hamna kitu.

Hakuna dawa iliyo salama hivi hivi tu. Dawa huwa salama kwa ugonjwa fulani, kwa kiasi fulani, kwa muda fulani, kwa mtu wa hali fulani. Ivermektini kwa usubi, yaani upofu wa mtoni, humezwa dozi moja, kisha mtu anakaa miezi sita au mwaka mzima ndipo arudie. Kwa matumizi hayo imeokoa macho ya watu wengi sana, na waliochangia ugunduzi wake walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Naiheshimu dawa hiyo. Lakini rekodi yake ya usalama imeandikwa kwa dozi hiyo na kwa ugonjwa huo. Ukiimeza kila siku kwa mwezi mzima kujikinga na kirusi, umeshatoka nje ya rekodi, na huwezi tena kuegemea ile "miaka mingi" ya baba yako.

Hizo saa 48 nazo nazijua zilikotoka. Mwaka 2020 watafiti wa Australia waliweka ivermektini kwenye sahani ya maabara yenye seli zilizoambukizwa kirusi cha korona, na baada ya saa 48 vinasaba vya kirusi vilikuwa vimepungua takriban mara 5,000. Habari ikasambaa dunia nzima ndani ya siku chache. Lililobaki nyuma ni kiasi cha dawa kilichotumika: maikromoli 5 kwa lita. Ukiigeuza kuwa uzito, hiyo ni kama nanogramu 4,400 katika kila mililita. Mtu mzima akimeza dozi ya kawaida, damu yake hufikia kilele cha makumi machache ya nanogramu kwa mililita, kisha inaanza kushuka. Piga hesabu mwenyewe. Ili damu ya baba yako ifanane na maji ya ile sahani ya maabara, angelazimika kumeza kama dozi mia moja kwa pamoja, na muda mrefu kabla ya kufika huko angeanza kuyumba, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Watafiti wenyewe hawakusema watu wameze. Walisema dawa inastahili kuchunguzwa zaidi, na ikachunguzwa. Nchini Brazil jaribio lililoitwa TOGETHER lilihusisha wagonjwa 1,358 wa UVIKO-19. Kati ya waliopewa ivermektini, asilimia 14.7 walizidiwa wakalazwa au wakakaa saa nyingi chumba cha dharura. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake, walikuwa asilimia 16.3. Pengo dogo kama hilo huweza kutokea kwa bahati tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, na majaribio mengine makubwa yaliyofuata hayakuiokoa.

Hidroksiklorokwini ina kisa chake, na ningependa kila anayesambaza habari za maabara akijue. Seli zilizotumika mwanzoni zilitokana na figo za tumbili. Maabara nyingi huzipenda kwa sababu virusi vingi hukua vizuri ndani yake. Kirusi cha korona huingia kwenye seli hizo kwa kumezwa ndani ya kifuko chenye asidi, na asidi hiyo ndiyo inayokisaidia kujifungua. Klorokwini na ndugu yake hupunguza asidi hiyo, kirusi kikanasa humo. Matokeo yakapendeza. Lakini kwenye seli za mapafu ya binadamu kuna kimeng'enya kiitwacho TMPRSS2, kinachokaa juu ya ngozi ya seli na kukifungulia kirusi kikapita moja kwa moja bila kuhitaji kifuko cha asidi. Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani waliirudia kazi ile wakitumia seli za mapafu, na dawa haikuzuia kitu. Kirusi kilekile na dawa ileile, ila seli ni nyingine. Na mgonjwa wa korona anakufa kwa mapafu yake, hafi kwa figo za tumbili.

Mjomba wako alipona siku ya tano, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini watu wengi mno walipona korona siku ya tano, ya saba, ya kumi, waliomeza na wasiomeza, na kila mmoja akakisifu kile alichokuwa nacho mkononi siku aliyopata nafuu. Kosa hili hili waliwahi kulifanya wataalamu, wakalichapisha. Machi 2020, Marseille nchini Ufaransa, utafiti mmoja ulitangaza kwamba hidroksiklorokwini inaondoa kirusi haraka. Wagonjwa waliopewa dawa walikuwa 26. Fungua karatasi yenyewe uhesabu: waliojumlishwa kwenye matokeo ni 20. Wale 6 wako wapi? Watatu walihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mmoja alifariki. Mmoja aliondoka hospitali. Mmoja aliacha dawa kwa sababu ya kichefuchefu. Hao wakawekwa kando, kisha waliobaki wakalinganishwa na watu 16, baadhi yao wakiwa wametibiwa kwenye vituo vingine kabisa. Na kilichopimwa ni kirusi puani, haikuwa nani kaishi na nani kafa. Karatasi hiyo iliondolewa rasmi na jarida Desemba 2024, karibu miaka mitano baadaye, wakati dunia ilikuwa imeshameza vidonge kwa mamilioni.

Nimewahi kusimama dirishani mbele ya mama mwenye lupasi, ameshika boksi tupu la hidroksiklorokwini, dawa anayoitegemea ili viungo na figo zake visishambuliwe na kinga yake mwenyewe. Rafu ilikuwa tupu. Watu wasioihitaji walikuwa wameibeba yote wakaifungia makabatini. Nilimrudisha mikono mitupu. Kwa hiyo ninaposikia "haitadhuru" namkumbuka yeye, na ningependa baba yako naye amfikirie.

Sasa swali lako la msingi, kwa nini ijaribiwe upya. Nchini Uingereza jaribio la RECOVERY lilianza Machi 2020. Mgonjwa akilazwa, kompyuta inampangia kwa bahati nasibu: huyu apate dawa pamoja na huduma ya kawaida, yule huduma ya kawaida peke yake. Daktari hachagui. Hapo ndipo siri ilipo, kwa sababu daktari akiachiwa achague, bila kujua ataelekeza dawa kwa wale anaowaona wana matumaini, au kinyume chake, na dawa itasifiwa au kulaumiwa kwa kitu ambacho haikukifanya. Mapema Juni 2020 jibu la hidroksiklorokwini lilikuwa mezani. Kati ya wagonjwa 1,561 walioipata, asilimia 27.0 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya 3,155 ambao hawakuipata, walifariki asilimia 25.0. Haikuokoa mtu. Siku chache baadaye mamlaka ya dawa ya Marekani ikafuta kibali cha dharura ilichokuwa imekitoa mwezi Machi.

Jaribio hilohilo, mwezi huohuo, likatoa dawa ya zamani iliyofanya kazi kweli: deksamethasoni, iliyokuwa ikitumika tangu miaka ya 1960 kwa pumu, mzio na baridi yabisi. Ni rahisi, inapatikana karibu kila hospitali, na haiui kirusi hata kimoja. Inatuliza kinga ya mwili inapoanza kuyashambulia mapafu. Miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, kutoka 26.2 hadi 23.3. Hapa nakuomba usome polepole: kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa, vifo vilikuwa asilimia 17.8 kwa waliopewa dawa na 14.0 kwa ambao hawakupewa. Hakukuwa na faida yoyote, na dalili ilielekea kwenye madhara. Inaeleweka kwa nini. Siku za mwanzo kinga ndiyo inayopigana na kirusi, na ukiituliza wakati huo umemnyang'anya askari silaha yake.

Dawa ni moja, dozi ni moja, ugonjwa ni mmoja. Kilichotofautiana ni hatua ya ugonjwa tu. Hakuna sahani ya maabara ambayo ingekuonyesha hilo, wala ushuhuda wa mjomba, wala uzoefu wa miaka 60 wa kutibu pumu. Na bado matokeo yalipotangazwa nilipata watu waliotaka deksamethasoni kwa mafua ya siku mbili, wakisema "si imethibitishwa?" Imethibitishwa kwa nani? Wengine walikuwa na kisukari, na dawa hiyo hupandisha sukari. Wengine huenda walikuwa na minyoo aina ya strongiloidi bila kujua, na kinga ikitulizwa minyoo hiyo huweza kusambaa mwilini hadi kuua.

Najua jibu linalofuata, kwamba watu wanakufa na majaribio yanachukua miaka. RECOVERY ilichukua miezi mitatu. Na kama unadhani inawezekana Ulaya tu, tazama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kuanzia Novemba 2018, katikati ya mlipuko wa Ebola na milio ya risasi, kwenye vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, madaktari walijaribu tiba nne kwa bahati nasibu katika jaribio la PALM. Mojawapo ilikuwa remdesiviri, ambayo ilikuwa imeponya nyani wa maabara walioambukizwa Ebola. Kufikia Agosti 2019 jibu lilikuwa wazi kiasi cha kusimamisha upangaji: waliopata remdesiviri walifariki asilimia 53, na waliopata mojawapo ya tiba mbili mpya za kingamwili walifariki asilimia 34 na 35 hivi. Wangefuata matokeo ya nyani peke yake, wangeendelea kuwapa watu tiba dhaifu huku iliyo bora ipo chumba cha pili. Wakongomani ndio waliotufundisha hilo, wengine wakiwa na wagonjwa wa ukoo wao kwenye vitanda hivyohivyo.

Kinachochelewesha tiba ni huku kubahatisha. Mwaka 2020 zilianzishwa tafiti ndogondogo nyingi sana za hidroksiklorokwini, za watu 20 huku na 40 kule, bila kundi la kulinganisha, na wagonjwa waliomezeshwa humo hawakutufundisha kitu. Wangeingia kwenye jaribio moja kubwa, tungejua mapema zaidi. Kila mtu anayemeza kienyeji nyumbani ni mgonjwa ambaye habari yake imepotea: akipona atakuwa shuhuda, na akifa hakuna atakayemhesabu.

Kwa hiyo mwambie baba yako hivi. Ivermektini na hidroksiklorokwini zirudishwe kwa mfamasia zikateketezwe, hasa kama zimepita tarehe. Asiwape watoto hata nusu kidonge, maana klorokwini na jamii yake huua mtoto mdogo kwa vidonge vichache tu. Dawa zake za moyo aendelee nazo kama alivyoandikiwa, na chanjo ikiwepo ya huo ugonjwa aulizie. Na ukija mlipuko mwingine, hospitali ikamwambia kuna jaribio na anaweza kujiunga, asione anafanywa panya wa maabara. Aulize maswali yake yote, na akiridhika akubali.

Na wewe, ukiletewa video ya mtu aliyevaa koti jeupe akisema dawa fulani ya zamani imeshinda kirusi kipya, muulize aliyekutumia: waliopewa walikuwa wangapi, wasiopewa wangapi, nani aliwagawa, na kila upande walikufa wangapi. Akikosa hata moja kati ya hayo, usiisambaze.