Gauni langu la Sido, na unachotakiwa kuvaa darasa la kwanza la dansi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Makambako alinitumia ujumbe saa nne usiku. Anaolewa Agosti. Yeye na mchumba wake hawataki kufungua muziki kwa kuyumbayumba kama wanabembeleza mtoto, wanataka walzi ya kweli, ile dansi ya wawili ya hesabu tatu, na Ijumaa hii wanapanda gari kuja Mbeya kwa darasa la kwanza la Jumamosi. Swali lake lilikuwa moja: "Dada, nivae nini nisije nikachekwa?"

Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili nikalala. Sketi pana, viatu visivyonata, basi. Lakini hilo "nikachekwa" lilinikaa kooni mpaka alfajiri. Mimi nilichekwa, na miaka mitatu baadaye bado najua nani alianza.

Ilikuwa Juni, na mnaoijua baridi ya Mbeya ya Juni hamhitaji maelezo. Nilikuwa nimelipia masomo ya dansi ya ukumbini kwenye ukumbi mmoja maeneo ya Forest, na wiki nzima kichwani mwangu kulikuwa na picha moja tu: mimi, taa za dari, na gauni. Nikaenda soko la Sido, Mwanjelwa, nikachambua mtumba toka saa tatu mpaka saa saba. Nikalipata. Jekundu, la kung'aa mwili mzima, limebana mpaka magotini halafu linafunguka chini kama mkia wa samaki. Nikaongeza skuna za dhahabu za inchi nne na bangili sita. Nikavaa koti juu, nikapanda bajaji kutoka Ilomba, na dereva akaniuliza harusi iko ukumbi gani. Ningejua, ningemwambia ageuze.

Nafika, watu tisa. Suruali nyeusi, fulana, masweta ya vifungo. Mmoja alikuwa na sketi ya kazini. Navua koti, ukumbi unanyamaza, halafu dada mmoja (alikuwa ameanza mwezi mmoja kabla, basi akajiona mwalimu msaidizi) akasema kwa sauti: "Mwenzetu, sendoff ni wiki ijayo, leo tunajifunza tu." Wakacheka. Mwalimu naye akacheka. Nikacheka na mimi, kile kicheko cha meno tu.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana ushauri wote uko hapo. Kwenye walzi mwanamume anaanza na mguu wa kushoto kwenda mbele, mwanamke anaanza na wa kulia kurudi nyuma. Na si kurudi kwa kunyata: mguu unatoka kwenye nyonga, unakwenda mbali, kwa sababu mtu mzima anakuja mahali ulipokuwa umesimama. Mwalimu akanishika ili awaonyeshe wengine. Akahesabu moja, mbili, tatu, akaja. Mimi gauni langu liliniruhusu shubiri moja. Kiatu chake kikatua kwenye ule mkia wa samaki, mwili wangu ukaendelea na safari, na mshono ukaachia kutoka gotini mpaka karibu na kiuno. Ile sauti ya kitambaa kuchanika kwenye ukumbi usio na muziki, naisikia mpaka leo.

Aliyeniokoa ni mama anayefanya usafi pale. Hakusema neno. Alifungua kanga kiunoni mwake, akanizungushia, akafunga fundo, akarudi kwenye ndoo yake. Maandishi ya ile kanga sitayataja hapa, ila yalinihusu kabisa. Nikavua skuna, nikamaliza somo pekupeku kwenye marumaru ya Juni. Wiki iliyofuata nilimrudishia kanga imefuliwa, akakataa, akasema "kaa nayo, bado utacheza." Ndaga, mama, yaani asante.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Makambako, kabla ya kutoka nyumbani simama katikati ya sebule, rudi nyuma hatua ndefu tatu bila kushika nguo. Sketi ikikukamata, iache. Ikigusa sakafu, iache pia, maana kisigino chako mwenyewe kitaikanyaga. Mimi sasa navaa sketi ya marinda inayoishia katikati ya goti na kifundo cha mguu, na skintaiti ndani, kwa sababu kwenye kugeuka sketi hupanda na heshima yako isitegemee upepo. Suruali nayo ni sawa kabisa, mradi chini isiburuze.

Halafu nyanyua mikono. Mwanamke anaweka mkono wa kushoto juu ya mkono wa mwanamume, karibu na bega, na viwiko vinakaa juu wimbo mzima. Blauzi fupi itapanda na kitovu kitasalimia watu. Shati la mchumba wako litatoka kwenye suruali, mwambie avae fulana ndani na asije na koti la suti lililombana mabegani, litamfunga kama kamba. Bangili acheni nyumbani. Zangu sita zilinasa kwenye sweta la mzee mmoja mstaarabu, zikavuta uzi, tukasimama dakika tano tunanasuliwa huku wengine wanazunguka. Mkufu mrefu, hereni za pete, saa kubwa, vyote ni hivyo hivyo. Na manukato kidogo tu, maana pua ya mwenzako iko sentimeta chache kutoka shingoni mwako na hana pa kukimbilia.

Viatu ndiyo habari yenyewe. Nilipoachana na skuna nilikimbilia raba, nikadhani nimeokoka. Raba soli yake ni ya mpira, na mpira kazi yake ni kushika. Unapogeuka, mwili unakwenda na unyayo unabaki, na anayelipa tofauti hiyo ni goti. Niliuguza goti wiki mbili. Wachezaji wenyewe huvaa viatu vyenye soli ya swedi, ile ngozi laini yenye vinyweleo vifupi, ambayo inateleza kiasi na kushika kiasi. Kisigino cha mwanamke kwenye dansi za walzi na foksitroti ni inchi 2 hadi 2 na nusu, kwenye dansi za rumba na chacha kinaweza kufika 3, na kiatu lazima kiwe na mkanda wa kukishika mguuni, kisije kikaruka katikati ya wimbo. Kuviagiza nje ni ghali. Mimi nilichukua viatu vyangu vya kanisani, nikaenda kwa fundi viatu Kabwe na kipande cha swedi nilichokata kwenye mkoba mbovu wa mtumba, akakwangua soli, akabandika kwa gundi. Elfu nane. Ninavyo mpaka leo. Mchumba wako kama ana viatu vya soli ya ngozi vya kuendea kanisani, hivyo hivyo vinamtosha kuanzia.

Sharti la swedi ni kwamba haitoki nje. Vumbi, matope, tone la mvua, na soli imekwisha. Unaibeba kwenye mfuko, unavalia ndani, na ikianza kung'aa unaisugua kwa brashi ya waya.

Nilipojifunza hilo nilimkumbuka babu. Alichimba dhahabu Lupa, kule Chunya, miaka ya 1930, na akarudi Rungwe na vitu viwili, baiskeli na foksitroti. Ndiyo miaka ileile Dar es Salaam Jazz Band ilipoanzishwa, 1932, na vijana wa mijini Tanganyika walikuwa wakiunda klabu za dansi na kucheza kwa tai shingoni. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba babu akienda dansini alitembea pekupeku, viatu mkononi, akavivalia mlangoni. Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka tukidhani ni ubahili wa kizamani.

Baridi: usije na nguo moja nzito. Dakika 15 za kwanza unatetemeka, baada ya hapo jasho. Sweta la vifungo ndilo zuri, unalivua bila kuvuruga nywele. Beba leso na fulana ya kubadilisha, maana kutoka na jasho usiku wa Mbeya ni kutafuta kifua.

Sasa niseme jambo, na atakayekasirika akasirike. Sisi wadada tunavaa kwa ajili ya mlango. Tunawaza sekunde ile ya kuingia, watu wageuke. Saa nzima inayofuata hatuiwazii. Ndiyo maana kamati za harusi zinachangisha mamilioni ya gauni na mapambo, halafu bibi harusi anasimama katikati ya ukumbi hawezi hata kurudi nyuma hatua moja, anashikiliwa mkia na matroni wawili kama ng'ombe mnadani. Bei ya ule mkia ingelipa masomo ya miezi mitatu. Nimeshasema.

Na kabla hamjaniambia nina wivu: Mei mwaka huu kwenye harusi ya binamu yangu nilifungua muziki na baba mdogo. Miezi miwili nilimfundisha sebuleni kwake Uyole, amevaa soksi. MC alituomba turudie. Mara mbili. Video ilizunguka kwenye makundi yote ya ukoo, na yule dada wa "sendoff ni wiki ijayo" akanitafuta kuuliza viatu vyangu natengeneza wapi. Nilimpa namba ya fundi. Baada ya siku mbili, lakini nilimpa.

Kwa upande wako, mdogo wangu, kuna jambo moja zaidi, kwa kuwa utacheza na gauni la harusi. Kuanzia somo la tatu funga kanga mbili zilizounganishwa kiunoni, zifike chini, ujifunze kurudi nyuma ukiwa na kitambaa kirefu. Masomo mawili ya mwisho njoo na viatu vyenyewe vya siku ile, na vyenyewe viwe vimeshabandikwa swedi. Unavaa saizi yangu? Kama ndiyo, nitakuazima vyangu kwa ajili ya Jumamosi hii. Kama siyo, mpelekee fundi wa Kabwe vyako Ijumaa mchana ukishuka kwenye gari. Mwambie unataka swedi, asikubandikie ngozi ya kiti cha gari, anapenda kufanya hivyo. Atakuuliza kwa nini unaharibu viatu vizima, na atacheka. Kaa hapo hapo kwenye benchi umsubiri amalize, ukiviacha atakwambia urudi Jumanne.